Kizungu cha Vitu Vingi

Jumatatu, 28 Aprili

Mwalimu Chepngeno amesema kila mwanafunzi wa ngumbaru, hii shule ya watu wazima, aandike kitu kila siku, hata mstari mmoja, kwa Kiswahili, ndiyo mkono usisahau. Atakuwa anapitia madaftari. Basi Mwalimu, kama unasoma hapa, mimi ni Mwihaki, mkulima wa Kachibora, mjane wa Ngige. Shule sikwenda nikiwa mtoto kwa sababu baba yangu alikuwa na mbuzi na mbuzi hawajichungi. Herufi nimezijulia hapa kwa kanisa la mabati nikiwa tayari shosho, yaani nyanya. Usinisahihishe kila kitu, nitakasirika.

Nitasema ukweli kwa nini nataka Kizungu. Msichana wangu Ciru aliolewa Bungoma, kwa Wepukhulu, anayefundisha chuo cha Kibabii. Ciru ni Mkikuyu, bwana ni Mbukusu, kwa hivyo kwa nyumba wakachagua Kizungu ili kusiwe na aliyeshindwa. Mtoto wao Lorraine ana miaka saba na anaongea kama redio. Kiswahili anakisikia kidogo, hiki changu cha shambani hakisikii kabisa. Krismasi walimleta hapa. Nikamkumbatia, nikamwaga maneno yote ya upendo niliyo nayo, na sauti yangu mnaijua, ni ya kuita ng'ombe. Mtoto akalia. Akamwambia mamake, "Mummy, why is she shouting?" Ciru akanitafsiria. Afadhali angeninyamazia.

Juzi nikamwambia Ciru alete mtoto likizo ya Agosti, akae nami. Akasema, "Mami, siwezi kumlazimisha. Akitaka mwenyewe, atakuja. Lakini mtaongea na nini?"

Na nini? Tutaona. Mahindi yameota. Nina mpaka Agosti.

Jumanne, 29 Aprili

Leo ni leo! Mwalimu amefundisha kuita vitu kwa Kizungu vikiwa vingi. Unaweka s kwa mkia, basi. Nikauliza, "Hiyo tu?" Akasema, "Kwa leo."

Nimerudi nyumbani nikigawa s kila mahali. Cup, cups. Hen, hens. Stone, stones. Nilimpita jirani nikamwambia "Trees!" akafikiri nimeugua. Mimi naona hivi: kwetu kitu kikizidi kinabadilika kichwa, mtu watu, kiti viti. Kwa Mzungu kinabadilika mkia. Nimefurahi mpaka chai imefurika ikazima moto.

Jumapili, 4 Mei

Ciru hupiga simu baada ya kanisa. Humpa Lorraine simu, mtoto husema "Hello Shosho," mimi husema "Fine," tayari amekimbia. Leo nilikuwa nimejipanga. Nikasema, "Lorraine, I have cups."

Akauliza, "How many cups, Shosho?"

"Many cups! I have hens! I have stones!"

"Why do you have stones?"

Aliuliza! Hakuna mtu aliyemsukuma!

Jumanne, 6 Mei

Kumbe s haitoshi. Box inataka es. Baby inavua y na kuvaa ies. Mzee Kipkorir, anayekaa mbele kwa sababu masikio yake yamechoka, akagonga dawati. "Mwalimu, wiki jana ulituambia s. Tulikuamini."

Mwalimu akacheka mpaka chaki ikamtoka. "Mzee, si mimi niliyetengeneza."

"Basi tuletee aliyetengeneza."

Alhamisi, 8 Mei

Mvua kutwa. Nimepalilia na gambuti miguuni, moja nzima na moja inayovuja.

Jumapili, 11 Mei

Jino langu la mbele lilitoka wiki hii kwa githeri ambayo mahindi yake hayakuiva. Nikaona hiyo ni habari, nikampa Lorraine: "I have no tooths here."

Simu ikalipuka. "Teeth, Shosho! Not tooths! Teeth!" Mtoto anacheka mpaka anashikwa na kwikwi. Kisha akasema kitu haraka haraka, Ciru akanirudishia: na yeye jino la mbele limetoka, la juu, upande uleule wangu. "Me too, Shosho! Me too!"

Mimi na yeye tuna pengo moja! Nimeimba nikikama mpaka ng'ombe amegeuka kuniangalia.

Jumanne, 13 Mei

Nimemgombeza Mwalimu mbele ya watu. Kwa nini hukutuambia teeth? Akasema hayo maneno yenye vichwa vigumu tungeyafikia mwezi ujao. Nikamwambia aibu haingoji mwezi ujao. Akayaandika yote ubaoni leo leo: foot feet, mouse mice, man men. Kuna mengine hayafuati sheria hata kidogo, unayajua tu kama unavyojua tabia ya jirani.

Tulipofika sheep, Mwalimu akasema mmoja ni sheep na wengi ni sheep. Mzee Kipkorir alisimama, akavua kofia. "Huyo Mzungu," akasema, "alikuwa na kondoo wake mwenyewe. Alijua mtu haambii watu ana kondoo wangapi." Tukapiga makofi.

Jumapili, 25 Mei

Siku hizi Lorraine ndiye anaitisha simu. "Say another one, Shosho!" Nikasema foots. Akachangamka, "Feet!" Nikasema mans. "Men!" Ciru anasema mtoto anajiita mwalimu wangu huko shuleni, anawaambia wenzake ana mwanafunzi mzee sana Kachibora.

Mwalimu, feet niliijua. Foots nilisema makusudi. Mungu anisamehe, na wewe pia.

Jumapili, 1 Juni

"Shosho, do you have mice?"

"Many mice."

"Real ones? I want to see the mice! Mummy, I want to see Shosho's mice!"

Ciru akanyakua simu. "Mami, ati uko na panya?"

"Nani ana mahindi na hana panya, Ciru? Wewe ulikula wapi ukiwa mdogo?"

Anataka kuja! Amesema mwenyewe kwa mdomo wake! Nimefagia hata nyuma ya choo.

Jumanne, 3 Juni

Mbolea ya pili. Mgongo.

Jumanne, 10 Juni

Leo darasa lilikuwa kama matanga kwa muda. Mwalimu alitufundisha child, ambayo ikizidi inakuwa children. Neno linarefuka kama mtoto mwenyewe, nililipenda. Halafu akaandika ubaoni, I have five children, akasema kila mtu asome na aweke namba yake.

Akina mama waliangalia mezani. Mzee Kipkorir alikohoa akasema, "I have some."

Mwalimu aligeuka, akatuangalia, akashika kichwa. "Aki nisameheni. Shosho yangu angenichapa." Akafuta children, akaweka chairs. Tukapata sauti zetu. Ni msichana mzuri huyu, ni vile amesoma sana.

Jumapili, 15 Juni

Simu ilichukuliwa na Edah, mamake Wepukhulu, nyanya wa upande ule. Lorraine humwita Kukhu. Edah alikuwa karani miaka mingi na Kizungu chake kina viatu, ila kwa Kiswahili r humteleza ikawa l. Akanisalimia, "Mama Cilu, habali ya Kachibola?" Halafu akageukia mtoto na Kizungu kirefu, mtoto anajibu, wanacheka, mimi nimeshika simu kama mtu anayengojea daktari.

Ana bahati. Anamwona kila siku na bado lazima aingie kwa Jumapili yangu. Nimelipiga teke debe tupu. Si yeye, lakini nilikuwa namfikiria.

Jumapili, 29 Juni

Nilisema geeses. Lorraine karibu afe na kicheko. Hiyo haikuwa makusudi.

Jumapili, 13 Julai

Sijui nianzie wapi. Nitaanzia kwa simu.

Lorraine alipiga mapema na sauti ya kazi. Shule imewapa kazi ya nyumbani: wachore mti wa familia, na chini ya kila nyanya waandike sentensi, My grandmother has, halafu namba, halafu children. Alinieleza polepole kama mwalimu wa kweli. "So, Shosho, how many children do you have?"

Nikasema, "Many children."

Akacheka. "No, Shosho, the number!"

"Many."

"But Teacher wants the number. Five? Six? Just say it!"

Nilisikia penseli yake ikigonga karatasi. Akauliza tena, na sauti ilikuwa inaanza kukunjamana. Nikakata simu. Nilimkatia mtoto simu.

Ciru akapiga papo hapo. "Mami, umemfanya nini?"

"Aliniuliza niwahesabu."

"Ni namba tu!"

"Namba tu? Wewe ulizaliwa na mawe?"

"Mami, hii ni shule. Mtoto atachekwa. Hizo ni mila za zamani."

"Basi mwambie wewe!"

Ciru wangu ameenda chuo kikuu, ana friji, na hakuweza kuisema. Akasema tu, "Nitaacha nafasi wazi," akakata.

Mwalimu, wewe unajua, lakini acha niandike. Kwetu watoto hawahesabiwi. Hata mifugo. Mzee akilazimishwa kusema kumi atasema tisa iliyojaa, ili kusiwe na mlango ulioachwa wazi kwa balaa. Mwaka mmoja wa sensa kijana wa kuandika alikuja hapa akakaa kwa hicho kiti, na Ngige wangu, ambaye alipenda kuonekana mtu wa kisasa, akamsomea namba ya watoto wetu kwa sauti, pwaa, kama mtu anauza kabichi. Kabla mahindi hayajavunwa Ngari alikuwa ameondoka. Alikuwa darasa la kwanza. Homa ilimshika Jumatano, Ijumaa hayupo.

Mimi si mjinga. Daktari alisema ni homa ya uti wa mgongo, na ninaamini, homa haijui sensa. Sikuwahi kumlaumu Ngige, tulizeeka vizuri. Lakini tangu hapo, mtu akiniuliza wangapi, kuna kitu kibaya zaidi ya mila. Nikitaja namba, Ngari nimweke ndani au nimwache nje? Nikimweka ndani nimedanganya serikali. Nikimwacha nje nimemfukuza nyumbani mara ya pili. Hicho Kizungu cha vitu vingi kinataka namba mbele na mkia nyuma, na mtoto wangu hatoshei popote.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeng'oa maharagwe.

Jumanne, 15 Julai

Ciru ameandika ujumbe. Kazi imerudishwa na alama nyekundu pale penye nafasi wazi, na watoto wengine walimcheka Lorraine ati shosho yake hajui kuhesabu. Amelia. Amesema Agosti hataki kuja, Shosho hapendi homework yake.

Nimesoma mwenyewe, bila kumwomba mtu. Leo ningependa kama singejua kusoma.

Alhamisi, 17 Julai

Mtihani. Mwalimu alitusomea maneno moja moja tukayafanya mengi. Nimepata yote. Hata geese. Mzee Kipkorir alinipa mkono akasema, "Mama, leo wewe ni Mzungu." Nilirudi nyumbani nikapepeta maharagwe.

Jumapili, 20 Julai

Simu haikulia.

Jumanne, 22 Julai

Nimefanya kitu ambacho sikujua nitafanya. Nimempigia Edah. Namba yake ninayo tangu harusi na sijawahi kuibonyeza.

"Mama Wepukhulu, nataka kukuambia kitu na usinicheke."

"Nicheke nani, Mama Cilu? Sema."

Nikasema yote. Kazi ya shule, simu niliyokata, sensa, Ngari. Kwa Kiswahili, haraka, kama mtu anatapika. Nilipomaliza nikajua sasa huyu karani ataniambia mambo ya kisasa.

Akasema, "Bana. Na mimi nilimdanganya."

"Nani?"

"Huyo mtoto wetu, Lorraine! Aliniuliza swali hiyo hiyo kabla yako. Nikaogopa, nikamwambia wawili."

"Wawili? Edah! Si Wepukhulu ako na ndugu mpaka..."

"Nyamaza! Usianze kuwapanga! Mimi nimekuwa karani, nimehesabu wafanyakazi wa watu asubuhi na jioni miaka yote. Lakini wa tumbo langu? Hapana. Mama yangu angetoka kwa kaburi anizabe kofi. Kwa Babukusu hiyo haisemwi."

"Sasa huo mti uliandikwa wawili?"

"Wawili! Na shule wakaweka tiki! Wepukhulu akaweka picha kwa kikundi cha familia. Kevin, kitinda mimba, amenipigia kutoka Kitale akiuliza kama nimemfukuza kwa boma."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye pia. Wanawake wazee, mmoja amelizwa na namba na mwingine ameiba watoto wake mwenyewe kwa karatasi, na mtoto mdogo katikati anajiuliza hawa shosho wana shida gani.

Halafu Edah akasema, "Mtoto hana makosa. Amefundishwa kuhesabu watu kama vikombe. Tumwambie wenyewe, si kwa mamake."

"Kizungu changu kitafika?"

"Kitafika. Kikikwama, mimi nitasukuma."

Miaka yote hii nilimpigia madebe teke huyu mama! Kama ningeweza kuvuka kwa simu ningemkumbatia mpaka mbavu zilie.

Jumamosi, 26 Julai

Mwalimu, vumilia mwandiko, leo naandika mbio kwa furaha.

Edah alienda kwa Ciru, akawafukuza wazazi wakae nje, akaweka simu mezani kwa sauti kubwa. Lorraine akasema "Hello," baridi kama maji ya mtungi.

Nikasema, "Lorraine, I am sorry. I cut the phone. It was bad." Hiyo nilikuwa nimeikariri tangu alfajiri. "I do not say a number for my children. I say names. You want names?"

"...Okay."

Nikaanza. Kifungua mimba nilimtaja jina, nikasema alipenda kulala chini ya kitanda badala ya juu. Aliyefuata nikamtaja, huyo alikula sabuni. Kizungu kikaniishia kwa sabuni, Edah akasukuma, Lorraine akacheka kidogo, akafunga mdomo tena. Nikaenda hivyo, mtoto kwa mtoto, kila mmoja na ujinga wake. Mamake nikamtaja, nikasema alimwogopa jogoo mpaka darasa la sita. "Mummy?" akasema Lorraine. "Mummy!" Majina siyaandiki hapa, Mwalimu, kwa sababu nakujua, utahesabu.

Kisha nikasema, "And Ngari. Ngari is my child. He died. He is my child."

Akauliza, "Was he big?"

"Like you. He had no teeth here. He was laughing all the time, you see the hole."

"Like me."

"Like you."

Halafu Edah akaanza wake. Aliwataja wote, na sauti yake ilikatika kwa jina moja ambalo sikuwahi kulisikia kwenye harusi wala popote, jina la msichana. Sikumuuliza. Nilikohoa tu, ili ajue niko hapo.

Edah ameniambia baadaye kwamba muda huo wote Lorraine alikuwa anakunja vidole chini ya meza. Wangu kwa mkono mmoja na wa Edah kwa mwingine, anakunja, anaanza tena, midomo inatembea. Tulipomaliza akainua kichwa akasema, "I know how many."

Nilishika kiti. Edah alishika meza.

"But I won't say," akasema. "I'll write the names. All the names. If Teacher says it's wrong, Kukhu will come to school." Na Edah akasema, "Kesho asubuhi na mapema!" akasahau kesho ni Jumapili.

Kisha mtoto akauliza Ngari amelala wapi. Nikamwambia, hapa, nyuma ya nyumba, karibu na ua wa mahindi. "Can I see?"

"Yes. In August."

"Okay," akasema, kama mtu anayekubali chai. "I'm coming in August."

Hakuna aliyemsukuma. Nimeuliza Edah mara mbili. Hakuna!

Jumanne, 29 Julai

Nimewaambia darasa. Mzee Kipkorir alitoa kitambaa, akasema ni vumbi la chaki.

Jumamosi, 9 Agosti

Wamekuja! Wepukhulu amewaleta na kurudi na gunia la maharagwe mapya. Edah naye ameshuka na mkoba mkubwa bila kualikwa, anasema anakaa mpaka Jumatano, nikamwambia Jumatano ni karibu sana, akae. Tumepigana kuhusu nani apike ugali. Amenishinda, yeye ni Mbukusu, ugali wake unasimama wenyewe.

Lorraine aliingia getini akasimama. Sikupiga kelele. Nilijishika na mikono yote miwili. Yeye ndiye alinikimbilia.

Jumapili, 10 Agosti

Tulienda kwa Ngari asubuhi, sisi watatu. Lorraine alikaa chini kwa nyasi akamwonyesha pengo lake, akafungua mdomo wote. Edah alianza wimbo wa kwao, mimi nikaingilia mahali nilipoweza.

Jumatatu, 11 Agosti

Mwalimu, wiki hii ukikuta mistari mitupu usinitafute. Jua limetoka, maharagwe yameanikwa uani kwa turubai, na huyu mtoto amekuwa hapo tangu chai akiwafukuza kuku. Sasa ananiita. Kuna kitu ameona, sijui ni panya, sijui ni nini, anarukaruka, anasema maneno mengi kwa Kizungu cha mbio na sijashika hata moja. Nakimbia.